Risala ya Kikundi cha Watafiti Vijana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Mradi wa Kifaa cha Kutambua Mvuke wa Zebaki, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini,
Walimu wetu na wageni kutoka vyuo washirika,
Wachimbaji wadogo na wachenjuaji mliotoka Misungwi na Geita,
Ndugu wananchi,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Furaha tuliyo nayo leo ni ya kushinda ufadhili wa utafiti wa pamoja kuhusu teknolojia ya kutambua kemikali hatari. Ushindani ulikuwa wa mataifa mengi, na andiko letu liliandikwa hapa Mwanza.

Wengi wakisikia tishio la kemikali hukumbuka gesi ya sarini iliyoachiwa katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, au vita. Hayo ni ya kweli, na nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali. Lakini katika andiko letu tulisema wazi kwamba huku Kanda ya Ziwa tishio hili limo ndani ya karai, juu ya jiko la mkaa, uani kwa mtu.

Wachenjuaji waliopo hapa, wanaotenganisha dhahabu na mchanga kwa zebaki, wanaijua kazi hii kuliko sisi. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, zebaki humiminwa karaini ili ikamate dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, kisha kidonge huchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Katika ziara zetu tulimkuta mama mmoja akichoma kidonge huku mtoto amelala mgongoni, uso wa mtoto ukiwa karibu na moshi wa mkaa. Alikuwa anaukwepa moshi kwa sababu anauona. Mvuke wa zebaki hakuwa na namna ya kuuona, na hapo ndipo tulipoona kazi yetu ilipo.

Kifaa tunachokitengeneza kinatumia tabia ileile anayoitegemea mchenjuaji, kwamba zebaki na dhahabu hushikana. Ndani yake mna utando mwembamba sana wa dhahabu unaopitisha umeme. Hewa ikivutwa juu yake, zebaki iliyomo hewani hunata kwenye dhahabu, na umeme hupita kwa shida zaidi. Badiliko hilo ndilo tunalolipima. Baadaye utando hupashwa moto, zebaki ikatoka, ukatumika tena. Kanuni hii si ngeni duniani, na vifaa vya namna hii vinauzwa kwa bei ambayo kikundi cha wachimbaji hakiiwezi. Kipya ni kukitengeneza kwa gharama ya chini na kukifanya kivumilie vumbi la karasha na unyevu wa ziwani, bila kudanganywa na gesi nyingine kama klorini, ambayo nayo huugusa utando.

Wenzetu wa nje wana maabara ya kutandaza dhahabu kwa unene unaotakiwa, nasi tunaunda saketi na programu. Vikundi vya wachimbaji vimetoa maeneo ya majaribio, na wawakilishi wao watakaa kwenye kamati ya mradi wakiwa na kura kama maprofesa. Tunaamini hilo la mwisho ndilo lililotubeba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusingependa mtu atoke hapa akiogopa kula samaki. Tafiti zilizokwisha kufanyika zilikuta samaki wengi wa Ziwa Victoria wakiwa na zebaki chini ya kiwango cha tahadhari. Lakini zebaki ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki wakubwa wanaokula samaki wengine. Sumu ya namna hiyo, iliyotoka kiwandani na kuingia katika samaki, ndiyo iliyowaangamiza wavuvi na familia zao kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaobeba jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa hiyo tunachokipima uani leo ni kinga ya sangara wa kesho.

Tuna maombi, na la kwanza ndilo zito. Tunaomba namba zitakazosomwa na kifaa hiki zisitumike kumkamata mchenjuaji wala kumfungia eneo lake katika kipindi chote cha utafiti. Siku kifaa kitakapoonekana kama mkono wa polisi, milango yote itafungwa, watu watachomea vyumbani usiku, na watoto ndio watakaovuta. Neno lako wewe, likitamkwa hapa mbele yao, litatusaidia kuliko barua yoyote.

Tunaomba pia utuunganishe na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, ili vipimo vyetu vilinganishwe na vya maabara yao kabla hatujamwambia mwananchi lolote. Na vituo vya afya vilivyo karibu na machimbo vipewe uwezo wa kuchukua sampuli za mkojo za kupima zebaki mwilini, maana ukimwambia mtu hewa ya kwake ina zebaki, atakuuliza aende wapi, na lazima tuwe na jibu.

Tuliahidi kwamba kifaa cha kwanza kitakachofaulu majaribio kitakabidhiwa kwa vikundi vya wachenjuaji, pamoja na mafunzo ya kukitengeneza kikiharibika. Tunakukaribisha, Mheshimiwa, uje ukikabidhi wewe mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wanakikundi.