Simu ilitaka mama apewe sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaouguza wagonjwa wa kisukari, hasa wanaotumia programu za simu kufuatilia sukari.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani. Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa huu, na tangu mwaka juzi anachoma sindano ya insulini asubuhi na jioni. Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, mdogo wangu alikuja kutoka Dar akatuwekea programu kwenye simu. Unaingiza namba ya kipimo, chakula ulichokula na dozi uliyochoma, nayo inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka.

Usiku wa kwanza tu baada ya yeye kuondoka, mama alijipima, kipimo kikasoma 14.6. Binti yangu, yuko kidato cha pili, akaingiza namba ile. Simu ikawaka nyekundu na maneno ya Kiingereza: sukari imeshuka mno, mgonjwa apewe kitu kitamu haraka. Mtoto akakimbilia jikoni, akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe. Mimi nilikuwa nakunja upindo wa gauni la mteja. Nikauliza, "Bibi amesoma ngapi?" Aliponijibu niliruka. Kikombe nilikidaka kimeshafika mdomoni kwa mama.

Kumbe kipimo chetu, kama vingi vinavyotumika hapa nchini, kinahesabu kwa milimoli kwa lita. Programu ilikuwa imepangwa kwa miligramu kwa desilita, hesabu wanayotumia Marekani. Milimoli 1 ya sukari kwa lita ni kama miligramu 18 kwa desilita, kwa hiyo 14.6 ya mama ilikuwa kama 263 kwa hesabu ile. Sukari ilikuwa juu, nasi tulitaka kumwongezea! Kubadilisha hesabu hiyo kwenye mipangilio ya programu kulichukua dakika moja. Hiyo dakika hakuna aliyekuwa ametuambia.

Sikuifuta programu, na nashukuru sikuifuta. Mama alishakatazwa na daktari kufunga, lakini jioni anakaa nasi kwenye futari. Ule mstari ulionyesha kila siku, saa mbili baada ya kula, 15, 16. Sisi tulizilaumu tende, wakati tende mama alikuwa anakula moja tu. Shida ilikuwa sahani ya mihogo ya nazi na magimbi. Maisha yake yote mama anaamini muhogo hauna sukari kwa sababu si mtamu. Tukampunguzia hadi vipande viwili, samaki na kisamvu vikaongezeka. Wiki iliyofuata akawa anasoma 9, mara 10. Tukaona pia alfajiri mbili ameshuka chini ya 4, na hapo kweli tulimpa sukari. Siku ya kliniki muuguzi alipitisha kidole kwenye simu, akamwita daktari, dozi ya jioni ikapunguzwa. Sisi wenyewe dozi hatuigusi, hata simu iseme nini.

Sasa naomba haya. Kliniki zetu za kisukari, mgonjwa akija na simu, mtu amwangalizie kama hesabu ya programu inalingana na kipimo chake. Na vijana wetu wanaotengeneza programu, pamoja na Wizara ya Afya, tupatieni ya Kiswahili inayofanya kazi hata bando likiisha. Hii yetu inajua piza na tambi. Ugali wa muhogo haumo, binti yangu anauandika mwenyewe.

Halafu stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye kipimo. Boksi moja linakula ujira wangu wa kushona magauni mawili. Mwezi ambao wateja wamepungua mama anapima mara moja kwa siku, mwezi mwingine anaruka siku, na simu inabaki na mapengo. Bila stripu hakuna namba ya kuingiza. Wanaopanga bei na bima waliangalie hili kabla hawajatuhimiza kutumia simu.

Aliye karibu na Mikindani na hajui hesabu ya programu yake ikoje, aje na simu pamoja na kipimo kwenye kibanda changu cha kushonea. Nitamwonyesha pa kubonyeza.

Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara