Mazungumzo ya muafaka yasiwaache wanawake nje

Mhariri,

Assalaam alaykum. Hapa kwetu ukitaja nafasi ya mwanamke katika amani na diplomasia, jawabu la barazani ni moja tu: mnataka nini tena, na Rais Samia mwenyewe ni mwanamke, tena mzaliwa wa Makunduchi? Kweli, Tanzania haina la kuona haya. Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing mwaka 1995, Asha-Rose Migiro akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Balozi Amina Salum Ali, Mzanzibari mwenzetu, aliuwakilisha Umoja wa Afrika huko Washington. Suali langu mimi ni la hapa hapa Visiwani.

Muafaka wa Oktoba 2001, wa kumaliza ugomvi wa uchaguzi hapa Zanzibar, ulitiwa saini na makatibu wakuu wawili, Philip Mangula wa CCM na Seif Sharif Hamad wa CUF. Maridhiano ya 2009 nayo yalifunguliwa na Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif huyo huyo walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba. Walifanya jambo kubwa, Mwenyezi Mungu awalipe. Ila wengi wetu tulikuja kuulizwa tarehe 31 Julai 2010, kwenye kura ya maoni ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na wakati huo kilichobaki ni kusema ndiyo au hapana.

Anayeikumbuka Pemba ya baada ya uchaguzi wa 1995 anajua tulifika wapi. Mtu anapita duka la jirani yake asinunue hata chumvi. Maziko yanasusiwa. Wake waliachwa kwa sababu ya chama. Yakaja ya Januari 2001, waandamanaji wakapigwa risasi, watu wakapanda vyombo kukimbilia Shimoni, Kenya, na katika nyumba nyingi aliyebaki na wazee, watoto na ng'ombe ni mwanamke. Maji yakitoka tulishuka pwani wote kwenye mwani, wa chama hiki na wa kile. Kamba ndefu inataka watu wawili, mmoja anashika huku na mwenzake anafunga kule, na ukiwa umeinama hivyo saa nzima lazima utazungumza. Nani anaumwa, nani kajifungua, mwambie mumeo Ijumaa kwetu kuna khitma. Mume alikuja, akakaa kwenye mkeka pembeni ya mtu ambaye hakumpa salamu tangu uchaguzi. Huo ni usuluhishi, ijapokuwa hauna posho.

Kwingine wameshaliona hili. Julai 2000, kabla hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halijapitisha Azimio namba 1325 la wanawake na amani mwezi Oktoba, wanawake wa vyama vyote vya Burundi walikutana Arusha wakampelekea Mandela, msuluhishi wa vita vyao, mapendekezo yao. Mengi yaliingia kwenye mkataba wa amani wa Agosti. Asilimia 30 ya nafasi za uongozi waliyoiomba kwa wanawake haikuingia, lakini katiba ya 2005 ikaiweka. Kenya mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, Graça Machel alisuluhisha pamoja na Kofi Annan na Mzee wetu Mkapa, na mezani walikuwepo Martha Karua upande wa Serikali na Sally Kosgei upande wa upinzani. Hakuna aliyesema hao waliletwa kupamba ukumbi.

Basi ombi langu kwa vyama vyote na kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ni hili. Siku ikiundwa kamati yoyote ya mazungumzo Zanzibar, kila chama kilete wajumbe ambao theluthi yao, kwa uchache, ni wanawake, wenye haki ya kusema na kutia saini, si wa kuandika kumbukumbu tu. Baadhi yao watoke mashamba na Pemba, wasiwe wa mjini Unguja peke yao. Nauli ya boti kutoka Mkoani na pa kulala vilipwe mapema, maana mkulima wa mwani hana ofisi ya kumkopesha. Na vikao vingine vifanyike Chake Chake.

Mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba