Vidole vitatu tu, mbona bei imepanda hivyo? Hesabu ya tikiti la mviringo

Mteja anasimama mbele ya meza yetu ya matikiti, anaweka kiganja juu ya moja, kisha juu ya jingine. "Hili elfu tatu, hili elfu tano. Tofauti si vidole vitatu tu?" Ana haki ya kuuliza, maana fedha ni yake. Jibu limo kwenye hesabu ya tufe, ile tuliyofundishwa sekondari.

Ujazo wa tufe ni theluthi nne za pai, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo. Kwa matumizi ya sokoni ipo njia fupi yenye jibu lilelile: kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kisha zidisha kwa 0.52. Kipenyo hukipati kwa rula, tikiti likiwa zima. Chukua futi ya fundi cherehani, lizungushe tikiti pale tumboni, kisha gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 63 ni kipenyo cha sentimita 20. Mzingo wa 78 na nusu ni sentimita 25.

Sasa piga hesabu. La sentimita 20 lina ujazo wa karibu lita 4.2. La sentimita 25 lina lita 8.1. Vidole vitatu vya upana vimekaribia kuongeza tikiti zima jingine, kwa sababu tunda halikui kwa upana peke yake: limekua pia kwa urefu na kwa kina. Ukitaka kuhakiki, liweke kwenye mizani. Lita moja ya tikiti ina uzito wa pungufu kidogo ya kilo moja, ndiyo maana tikiti huelea kwenye beseni la maji.

Halafu kuna ganda, na hapa ndipo tunapotaka wateja wetu watazame vizuri. Tuseme ganda pamoja na ule weupe wake ni sentimita moja na nusu kila upande. Tikiti la sentimita 20 linabaki na nyama nyekundu yenye kipenyo cha 17, yaani lita 2.6 hivi. La sentimita 25 linabaki na 22, yaani lita 5.5. Kwa bei zile za elfu tatu na elfu tano, lita ya nyama kwenye dogo inakugharimu karibu shilingi 1,150, na kwenye kubwa karibu 900.

Hatusemi kila mtu abebe kubwa. Nyumba ya watu wawili wasio na friji ichukue dogo, kwani tikiti lililokatwa halifai kukaa nje kwenye joto kwa zaidi ya saa mbili. Kinachopotea kwenye pipa hakina unafuu wowote.

Hesabu hii inanyooka kwa matikiti ya mviringo kama Sugar Baby. Yale marefu, kama Charleston Gray, pima urefu na upana: urefu mara upana mara upana, mara 0.52. Refu la sentimita 35 lenye upana wa 20 lina zaidi ya lita 7, ingawa ukilitazama kwa mbele ni sawasawa na lile dogo la mviringo.

Kwa wenye shughuli na wauza juisi: mkituagizia kwa simu, "makubwa kumi" hayatusaidii kuwahudumia vizuri. Tutajieni lita za nyama mnazohitaji, mkikumbuka kwamba juisi hupungua ikichujwa. Lita 20 za nyama zinatoka kwenye matikiti manne ya sentimita 25, shilingi 20,000. Ukichagua ya sentimita 20, andaa manane na shilingi 24,000.