Kwa vijana wa barazani: msiondoke kwa kumkomoa mtu

Wanangu,

Assalamu alaikum, na wale ambao si Waislamu, hamjambo. Nawaandikia kwa sababu juzi baada ya Isha nilinyamaza. Mlinitazama mkingoja neno, nami nikajifanya nimeshughulika na kikombe cha kahawa tungu ambacho kilikwisha zamani. Mmoja wenu alikuwa amesema, "Mwalimu, nchi hii imekwisha, wewe tuonyeshe njia tu." Mkacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Nilinyamaza kwa kuwa sina uso wa kumwambia mtu abaki. Mimi mwenyewe niliondoka, na habari hii sikuwahi kuwasimulia darasani.

Februari 1988 KANU, chama pekee hapa Kenya wakati ule, ilifanya mchujo wa wagombea kwa mlolongo. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea unayemtaka, mnahesabiwa kama mbuzi wa mnada. Sisi tulipangwa kwenye uwanja wa shule niliyokuwa nikifundisha. Mstari wetu ulianzia golini, ukapita chini ya mwembe, ukatoka langoni mpaka barabarani. Mstari wa pili ulikuwa na watu ambao ningeweza kuwaita mmoja mmoja kwa majina, na katika hao alikuwamo mlinzi wa shule, ambaye kila nikimwangalia alikuwa akitazama viatu vyake. Msimamizi alipita, akahesabu, akaandika, akatangaza. Mstari mfupi ulishinda. Tukakung'uta vumbi tukaenda zetu. Kesho yake niliingia darasani na chaki mkononi, somo la Historia na Serikali, mada ni haki ya mwananchi kupiga kura.

Hasira ile nililala nayo miaka mitatu. Ikaja Saba Saba ya 1990, maandamano ya kudai vyama vingi, viongozi wake Matiba na Rubia wakiwa kizuizini, watu wakapigwa risasi mitaani, na mimi nikaapa kwamba nchi hii sitaipa hata siku moja zaidi ya umri wangu. Oktoba 1991 nilipanda ndege kwenda Leicester, Uingereza, kozi ya mwaka mmoja. Ada na nauli zilitoka kwenye vikuku viwili vya dhahabu vya mama na mkopo wa mjomba wangu. Mama alinipa vikuku bila kuniuliza swali hata moja, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili zangu.

Desemba ile ile, wiki chache tu baada ya mimi kufika, Kifungu 2A cha Katiba, kilichoruhusu KANU peke yake, kilifutwa na vyama vingi vikarudi. Habari hiyo niliisoma kwenye maktaba ya mtaa, gazetini, ukurasa wa ndani, imeandikwa pahala padogo kama kiganja. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Nikatoka nje, nikatafuta wa kumwambia, sikumwona. Wale niliokuwa nao kwenye mstari wa mwembe walikuwa wakishangilia bila mimi.

Mtauliza, basi si ungerudi? Hasira yangu ilikwisha Desemba 1991. Deni lilikwisha 1995.

Kozi ilipomalizika nikaingia kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, halafu nyumba ya kutunzia wazee. Kule Belgrave Road kulikuwa na duka la nafaka la Mhindi mmoja wa Kampala, mmoja wa wale waliopewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha gereji, lakini kilinitosha. Kila Jumamosi nilikwenda kununua mbaazi ili nilalamike: baridi, Moi, bosi, mikate. Siku moja akanipimia mbaazi zangu, akafunga mfuko, akasema, "Bwana, mimi nilifukuzwa. Wewe nani alikufukuza?" Sikuwa na jibu. Nilikasirika, nikahamia duka lingine kwa muda wa mwezi mzima, kisha nikarudi kwa sababu mbaazi zake zilikuwa nzuri zaidi.

Mwaka 1996 mama alifariki. Pasipoti yangu ilikuwa imelala kwenye ofisi moja tangu mwaka uliotangulia, ikingoja muhuri, na bila pasipoti huendi kokote. Ndugu yangu alirekodi hitima kwenye kaseti akanitumia kwa posta. Ninayo bado. Upande wa kwanza unasikika mlango wa uani ukigongagonga kwa upepo, mtoto analia, na mtu mmoja anakohoa mpaka mwisho. Nimeshakifikiria sana kikohozi kile bila kujua ni cha nani. Vikuku sikuwahi kumkombolea.

Na sasa kichekesho. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wao. Kwa hiyo mimi, niliyekimbia mlolongo, kura yangu ya kwanza katika uchaguzi wa vyama vingi niliipigia Leicester, tarehe 1 Mei 1997, nikichagua mbunge wa watu wengine. Nyumbani walipiga kura Desemba mwaka huo. Nilirudi 2003, baada ya Kibaki kushinda, nikiwa na masanduku matatu na imani kwamba mambo yamenyooka. Miaka minne baadaye nchi ikawaka moto, watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Niliondoka kwa hasira ya siasa na nikarudi kwa furaha ya siasa, na mara zote mbili nilikosea hesabu. Kilichonibakisha safari hii ni darasa, na mke, na nyinyi.

Haya basi, turudi kwenye habari yenu.

Juni 2024 mlikuwa barabarani mkipinga Mswada wa Fedha. Nawajua waliokwenda na nawajua waliojificha vyooni kwa moshi wa vitoa machozi. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Rais akakataa kutia saini Mswada huo. Mkafikiri mmeshinda. Halafu vijana wakaanza kuchukuliwa usiku na magari ambayo namba zake hazisomeki, na Juni 2025 tukazika tena. Kwa hiyo ukiniambia umevunjika moyo, sina la kubishana nawe.

Lakini niliwasikia juzi mkisema, "Tuwaachie nchi yao, waitawale wenyewe." Hapo ndipo niliposikia sauti yangu ya 1991. Nani kawaambia mkiondoka mtakuwa mmewakomoa? Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Chai yetu yote, pamoja na jasho la Kericho, haifikii hapo. Tazameni tarehe: kutoka siku ile ya Bungeni hata miezi mitatu haijatimia, Septemba 13, mkataba wa uhamiaji na Ujerumani ulitiwa saini Berlin. Hapa nyumbani ikavuma kwamba ni nafasi 250,000 za kazi. Wajerumani wenyewe wakajitokeza kusema idadi hiyo haimo kwenye mkataba. Mimi nafundisha historia, na napenda kuuliza ni nani anayefaidi. Kijana mwenye hasira akiwa hapa ni bango barabarani. Akiwa ng'ambo ni dola kila mwisho wa mwezi, na hana sauti. Serikali gani itamlilia huyo? Itamsindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Sisemi mbaki. Nasema hasira itoeni kwenye hesabu kwanza, kisha muone kama hesabu bado inasimama. Kwa baadhi yenu itasimama.

Wewe muuguzi, kwa mfano. Una diploma, una leseni, na mwaka wa pili huu unauza maji ya chupa kwenye kivuko. Kwako ningeshauri uende, na ningeshauri hivyo hata kama tungekuwa na serikali ya malaika. Ila jua unakoingia. Mlango wa kazi za kutunza wazee Uingereza, ule ambao binamu yako alipitia, ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje mnamo Julai 2025, na anayekuambia ana njia yake ya pembeni anataka pesa zako. Mlango wa wauguzi wenye leseni ni mwingine, kwa hiyo usikubali kushushwa cheo ili uende haraka. Na Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza kwamba inataka mtu angoje miaka 10 badala ya 5 kabla ya kupata ukaazi wa kudumu. Umeona? Umekimbia siasa za hapa, na siasa za kule zimekupokea kabla hujafungua sanduku.

Fundi wangu wa friji, wewe Ujerumani inakufaa kuliko Dubai, lakini miezi kumi ya kujifunza Kijerumani huruki. Anza.

Binti yangu wa ajenti, kwako nitakawia kidogo, usinikasirikie. Ulituonyesha simu: Riyadh, kazi ya nyumbani, tiketi bure, unaondoka baada ya wiki tatu. Nilikuona unavyoishika simu ile kama mtu aliyeokota dhahabu. Mwaka 2021 Saudia ililegeza sheria ili mfanyakazi aweze kubadilisha mwajiri na kusafiri bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Watumishi wa nyumbani hawakuwekwa humo. Yaani kadama, mtumishi wa nyumbani, ndiye aliyeachwa nje ya mlango. Qatar mwaka huo huo iliweka kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi, na hapo mtumishi wa nyumbani alihesabiwa pamoja na wengine; ni kama shilingi elfu thelathini na tano zetu, na chakula na malazi juu ya mwajiri. Kwa hiyo "Arabuni" si mahali pamoja, na ajenti anayelitumia neno hilo moja kwa nchi zote hajali unakwenda kulala kwa nani.

Jina la ajenti huyo liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, au haliko? Ulimuuliza? Nilipokuuliza ulisema ana ofisi nzuri yenye kiyoyozi. Nani atashika pasipoti yako, nani atashika simu yako, na ukiumwa utampigia nani? Mama yako anajua mtaa, au anajua jina la nchi tu? Na mtoto wako wa miaka miwili atabaki na nani hasa, maana bibi yake anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Kuna mmoja wenu ambaye haya yote hayamhusu. Wewe unajijua, na sitaandika hata unakaa upande gani wa mtaa. Mtu aliyefuatwa nyumbani mara mbili hafanyi hesabu za mshahara. Wewe toka, na usitangaze. Usidhani kuvuka mpaka tu kunatosha: Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda, alichukuliwa hapa hapa Nairobi, akaibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala, na njia iliyompeleka huyo inaweza kumrudisha mwingine. Tafuta wakili wa haki za binadamu kabla ya kutafuta tiketi, weka nakala za kila karatasi kwa mtu asiye ndugu yako, na ukifika utakapofika, sema mapema kwa wahusika kwamba unaomba hifadhi. Ukijiita mtalii leo ukaja kujiita mkimbizi mwakani, watakuuliza sana.

Nyinyi wengine mtakaoondoka, kuna kosa langu moja ambalo hamna sababu ya kulirudia. Mimi nilikataa uraia wa Uingereza kwa sababu sheria yetu ya wakati ule ilikuwa ukichukua wa kwao unapoteza wa kwetu. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, nami nilikuwa nimesharudi miaka saba. Basi msiogope karatasi za watu. Na kura isiwe ya kuisusia. Uchaguzi ni Agosti 2027. Mwaka 2022 Wakenya walipigia kura katika nchi 12 za nje. Qatar na Emirati zilikuwamo, Uingereza na Ujerumani pia. Saudia haikuwamo. Hilo nalo liwekeni kwenye mizani.

Na mnaobaki, tafadhali msijifanye mashujaa mbele ya wanaokwenda. Wengi wetu tunabaki kwa sababu nauli haikupatikana. Nimekaa na wazee wa mtaa huu wanaojisifu kuwa hawakuikimbia nchi, na najua ni wangapi waliojaza fomu za bahati nasibu ya visa ya Marekani mwaka baada ya mwaka.

Mliniuliza pia, au ni mmoja aliyeuliza wakati wengine mkivaa viatu: ningerudi nyuma, ningeondoka tena? Nimelilalia swali hilo siku tatu. Nadhani ningeondoka. Leicester ilinifunza kazi na ilinivua majivuno, na pesa za mikate ndizo zilizoezeka nyumba ninayoandikia barua hii. Ila ningekaa kwanza na mama usiku mmoja, tukaviweka vile vikuku katikati yetu juu ya mkeka, nikamuuliza anavyoona. Huenda angesema nenda. Sikumpa nafasi ya kusema.

Binti yangu, Alhamisi njoo na mkataba. Usilete ule wa Kiingereza peke yake, leta na ule wa Kiarabu, kwa sababu huo ndio utakaosomwa mbele ya kadhi wao mkikosana. Jirani yangu aliyesoma Madina amekubali kutusomea mstari kwa mstari, na mama yako aje pia. Kahawa ni juu yangu.

Mwalimu wenu,
Kisauni