Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya, Chunguza Jinsi Programu Yako ya Usimbaji Fiche Ilivyoundwa

Zahanati, shule na vyama vya akiba vya hapa Nairobi vinapoanza kusimba nakala rudufu za data zao, yaani kuzifunga kwa ufunguo wa siri ili asiye nao asizisome, lalamiko la kwanza linalotufikia ni kwamba kazi iliyokuwa ikimalizika kabla ya kufunga ofisi sasa inakesha, na mara nyingi mteja huwa tayari ameazimia kushuka Luthuli Avenue kutafuta kompyuta nyingine. Tunamsihi asubiri kidogo, kwa sababu huenda mashine yake haina kosa lolote.

Programu huandikwa kwa lugha kama vile C, kisha kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa maagizo ambayo prosesa huyatekeleza. Maandishi yale yale yakipitishwa katika GCC, Clang au kompaila ya Microsoft huweza kutoa maagizo yanayotofautiana kwa kasi. Isitoshe, GCC isipoelekezwa haijishughulishi na kuharakisha programu; ni lazima aliyeiunda aagize hivyo kwa alama kama -O2.

Mfano mzuri ni AES, mbinu ya kusimba data ambayo Marekani iliifanya kiwango rasmi mwaka 2001. Hiyo huchukua data kwa vipande vya biti 128 na kukipitisha kila kipande katika mizunguko 14, iwapo ufunguo ni wa biti 256. Mwaka 2010 Intel ilianza kuuza prosesa zenye maagizo maalumu ya AES, ambapo agizo moja hutekeleza mzunguko mzima. Programu iliyoundwa bila maagizo hayo kwa kawaida hupekua majedwali yaliyo kwenye kumbukumbu, kazi ambayo ni ya polepole na ambayo, jambo linalotusumbua zaidi, muda wake unaweza kumpa mdukuzi dalili za ufunguo wenyewe. Kwenye Linux, fungua faili ya /proc/cpuinfo utafute neno aes. Likiwepo na usimbaji bado unajikokota, tunaishuku programu kwanza, ingawa diski ya zamani ya kuzunguka nayo inaweza kuwa ndiyo kikwazo, na hapo kompaila haisaidii kitu.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, imejikinga kwa kiasi kikubwa: sehemu zake nzito zimeandikwa kwa mkono katika lugha ya mashine, nayo huipima prosesa inapoanza kazi na kuchagua njia inayoifaa. Tofauti za kompaila hujitokeza zaidi katika programu ndogo zinazotegemea C pekee, na hizo ndizo tunazoletewa mara nyingi.

Kuna fundi atakayekushauri uunde upya programu kwa -march=native ili ifuate prosesa iliyopo. Ushauri huo unafaa kwa mashine moja tu. Ofisi nyingi hapa jijini hutumia kompyuta zilizotumika ng'ambo, za miaka tofauti, na baadhi ya Core i3 za mwanzoni hazina maagizo ya AES kabisa. Programu iliyoundwa kwa mashine mpya inaweza kukatika ghafla ikihamishiwa humo. Sisi huipa programu njia zote mbili, yenye maagizo ya AES na isiyo nayo, ijichagulie.

Kasi pekee haitoshi. Programu makini hufuta ufunguo kwenye kumbukumbu ikimaliza kazi, lakini kompaila inayotafuta kasi huweza kuona kwamba eneo hilo halisomwi tena, ikaliondoa agizo la kufuta, na ufunguo ukabaki pale pale. Ndiyo maana glibc, maktaba ambayo programu za C hutegemea kwenye Linux, iliongezewa mwaka 2017 explicit_bzero, agizo la kufuta ambalo kompaila haipaswi kuliondoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja usimbaji fiche miongoni mwa hatua za kulinda taarifa za watu, kwa hiyo baada ya kuunda upya programu sisi husoma maagizo ya mashine yaliyotoka ili kuhakikisha kwamba ufutaji haujaondolewa, kisha hulinganisha matokeo na mifano rasmi ya majaribio ya AES na kupima kasi kwa faili za ukubwa ule ule mnaotumia kila siku. Mnapoileta kompyuta, tafadhali njooni na jina na toleo la programu mnayoitumia. Funguo na nywila zenu zibaki ofisini kwenu, kwani hatuzihitaji.