Boti ya faiba nayo huoza, gongeni kabla ya kununua

Mhariri,

Aliyeniuzia boti yangu aliipiga kwa kiganja cha mkono akasema, "Mama, hii siyo mashua. Faiba haiozi." Nikaamini, nikamhesabia pesa ya korosho ya msimu mzima. Naomba nafasi niwaambie wenzangu wanaotafuta boti kuukuu hapa Mikindani, Shangani na Msimbati wasiwe wepesi kama mimi.

Kweli, faiba yenyewe haiozi. Ila katika boti nyingi za zamani faiba ni ngozi tu. Ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine una plaiwudi katikati, imefunikwa faiba pande zote mbili. Chini ya sakafu kuna mbao ndefu zinazotoka tezi hadi omo, nazo zimevikwa faiba hazionekani. Nguvu ya boti imo humo. Maji yakishapenya, hayana pa kutokea, na jua haliyafikii.

Boti yangu ni ya futi 23, inasukumwa na Yamaha 40, inabeba abiria na ndoo za samaki. Mwaka juzi, kusi limekaza, mwanangu ambaye ndiye nahodha alirudi hana raha. Kila akiongeza moto, kichwa cha mashine kinalala nyuma. Tukatazama, kwenye kona za ule ukuta pana nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Nikaita fundi, kijana hodari wa faiba. Akapiga msasa, akalaza mati mbili za nyuzi za faiba juu ya nyufa, akapaka rangi ya bluu. Shilingi 380,000. Boti ikapendeza. Wiki ya nne nyufa zikarudi palepale na rangi ikapasuka.

Ndipo nikamfuata mzee mmoja aliyemaliza umri wake akiunda mashua. Faiba haimpendezi, anaiita plastiki. Nyufa hakuziangalia hata kidogo, aliomba nyundo. Akagonga juu, ikalia ko, ko. Akashuka taratibu kuelekea kwenye tundu la kizibo cha kutolea maji, sauti ikafa, kama mtu anayegonga gunia la unga. Akachukua keekee, akatoboa tundu dogo kwa upande wa ndani. Mbao nzima hutoa unga mkavu. Wangu ulitoka mweusi, umelowa, kama ugoro.

Nilishangaa, maana boti haikuwa inavuja. Tulipotafuta tukakuta skurubu mbili ndogo za ngazi ya zamani, zimekazwa bila gundi yoyote ya kuzuia maji. Na lile tundu la kizibo lilitobolewa katikati ya mbao, likaachwa wazi bila kuzibwa kingo. Mzee akauliza boti ililala wapi kabla sijainunua. Chini ya mwembe, masika mawili, bila turubai. "Basi ni mvua hiyo, mwanangu," akasema. Maji ya bahari huuchelewesha ukungu unaokula mbao, maji ya mvua huulisha. Nami nilikuwa nikiiogopa chumvi!

Kazi tuliwapa wawili, mzee upande wa mbao, na yule kijana wa kwanza upande wa faiba. Nilimrudisha kwa makusudi. Hakuwa tapeli. Alijua faiba, mbao hakuzijua.

Mashine ikashushwa, boti ikaegemezwa kwenye magogo sehemu nyingi, kwa sababu ukitoa mbao mwili wa boti unaweza kujipinda, na faiba mpya ikikaukia hapo umepinda hivyo moja kwa moja. Kijana akakata ngozi ya ndani kwa grenda, ya nje ikabaki. (Funika pua na mikono, jamani. Lile vumbi liliingia kwenye kanga zangu nikawashwa siku tatu.) Sehemu ya juu mzee aliing'oa kwa patasi. Ya chini haikuhitaji patasi, niliichota mwenyewe kwa upawa.

Zikaingia plaiwudi mbili za milimita 18 zinazostahimili maji, zimegundishwa uso kwa uso kufikia unene uleule wa zamani. Kingo zilipakwa gundi hadi zikakataa kunywa, maana mbao hunywa maji zaidi pale ilipokatwa. Tulibishana juu ya gundi yenyewe. Kijana alitaka reseni aliyoizoea, mimi nikanunua epoksi, ghali lakini inashika mbao na faiba kuukuu vizuri zaidi. Ukitumia epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Zile mati za nyuzi zilizotapanywa mara nyingi zimeshikizwa kwa kitu kinachoyeyuka kwenye reseni ya kawaida, na kwenye epoksi hakiyeyuki.

Siku ya kwanza kijana alikoroga kopo zima saa tano asubuhi. Kabla hajapaka hata nusu, kopo likafuka moshi na yote ikaganda kama jiwe. Kesho yake tulianza saa kumi na mbili alfajiri, tukakoroga kidogo kidogo kwenye sinia pana ili joto lisijikusanye.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni matundu ya bolti. Walitoboa tundu kubwa kuliko bolti, wakalijaza epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya nzito, ikakauka, kisha wakatoboa tena tundu dogo katikati yake. Sasa bolti inapita ndani ya plastiki, haigusi mbao. Hata maji yakipita pembeni ya bolti, hayakuti cha kuozesha. Mzee alilitazama tundu lile kwa muda mrefu, halafu akasema plastiki nayo ina akili kidogo.

Kwa jumla nimetumia shilingi 1,900,000, mbali na zile za rangi ya bluu.

Mhariri, boti yangu imewahi kukaguliwa. Makoti ya kuokolea yalihesabiwa, na hilo ni jema. Hakuna aliyegonga ukuta unaobeba mashine. Nawaomba wakaguzi waje na nyundo, na mnunuzi akatae boti ambayo mwenyewe hakubali bolti moja ifunguliwe tuone tundu lake. Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kipande cha ile mbao nimekihifadhi kwenye gunia barazani kwangu, skurubu moja ya ngazi bado imo. Anayesema faiba haiozi apite kwangu akiminye kwa vidole.

Mama Boti,
Mikindani, Mtwara