Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: mwendokasi uanzie Kwa Mrombo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: NJIA YA MABASI YAENDAYO HARAKA ARUSHA, IPITE WAPI NA NANI AULIZWE KWANZA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimekuandikia wewe na si Mkurugenzi wa Jiji kwa sababu mabasi haya yakija hayatajua mipaka ya halmashauri. Ngaramtoni iko Halmashauri ya Arusha, Tengeru na Usa River ziko Meru, na katikati ndiyo Jiji. TANROADS wana barabara kuu, TARURA wana za mitaa, LATRA ndio wenye leseni za ruti. Anayeweza kuwakalisha hawa wote meza moja, wakaja na mchoro mmoja, ni wewe.

Maneno ya kuleta mwendokasi mikoani tumeyasikia majukwaani kwa muda, na hapa mjini kila kijiwe kina ramani yake. Mchoro wenyewe sisi wananchi hatujaoneshwa. Ndiyo maana naandika sasa, kabla wapimaji hawajaanza kuchomeka bikoni. Bikoni ikishaingia ardhini mjadala wa njia umekwisha, kinachobaki ni kugombania fidia.

Njia inayopendwa na wengi vijiweni ni barabara kuu, kutoka Ngaramtoni kushuka Sakina, Mianzini, Sanawari, Phillips hadi Tengeru. Naelewa kwa nini. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kama kilomita 14, tayari ni njia nne. Hifadhi yake ni pana, nyumba za kubomoa ni chache, na siku ya uzinduzi picha zitapendeza na Mlima Meru nyuma. Mhandisi yeyote atakayepewa bajeti ndogo na muda mfupi ataichagua hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba barabara hiyo inapita ukingo wa juu wa mji, na watu wako chini, yaani kusini. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Arusha lina watu 416,442. Ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka hawakupanda mlimani, maana kule juu ni vihamba vya watu na msitu. Wameshuka Muriet, Terrat, Olasiti, Olmoti na pembezoni mwa Sombetini, walikopata kiwanja cha bei wanayoiweza. Nyumba zimejengwa kwanza, barabara imefuata ikichechemea. Abiria wa Sanawari au Kwa Mrefu, kwenye barabara kuu, akisimama kituoni ana vifodi (daladala zetu ndogo), ana Hiace za Usa, ana Coaster za Moshi. Wa Kwa Mrombo, kule kusini, ana kifodi kimoja kilichojaa tangu kinapoanzia.

Wasaidizi wako wakitaka ushahidi, waende Mbauda, njiani kati ya mjini na Kwa Mrombo, saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi. Watakuta watu wanapanda gari linaloelekea nje ya mji, wanakwenda nalo hadi mwisho ili wageuze nalo wapate kiti. Hiyo ni nauli mbili kwa safari moja, na dakika nyingi ambazo mwajiri hazitambui. Usiku mambo hugeuka. Konda anakatisha ruti, anatangaza mwisho Mbauda, na anayetaka kufika Kwa Mrombo anapanda bodaboda au anatembea. Kukatisha ruti ni kosa, LATRA wanajua, trafiki wanajua. Lakini dereva naye ana hesabu ya tajiri, na kule chini barabara inamla springi. Gari kubwa lenye ratiba ndilo dawa ya hali hiyo, ndiyo maana nasema lianzie huko.

Utaambiwa kusini kutapata tu, kwa sababu ya uwanja wa AFCON 2027 pale Olmoti na stendi mpya ya Bondeni City. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Uwanja wa watu elfu thelathini unajaa siku ya mechi. Mama anayeuza mboga soko la Kilombero anasafiri kila siku ya Mungu. Njia ikichorwa ili itoe wageni hotelini na kuwafikisha uwanjani, itapita pale wageni wanapopita, na vituo vitawekwa kwa mahesabu hayo. Mimi ni mshabiki wa mpira, nitakwenda. Ila heri nitembee kilomita moja siku ya mechi kuliko mtaa mzima utembee mwaka mzima.

Sasa niseme kuhusu Barabara ya Sokoine, ile ya katikati ya mji, maana kila njia ya kutoka kusini itaishia hapo. Wengi wameiona Morogoro Road ya Dar es Salaam: njia mbili za zege katikati, vituo katikati, na pale vituoni nafasi ya basi moja kulipita jingine. Zile kilomita 20.9 za awamu ya kwanza zilikalia barabara iliyokuwa na upana. Sokoine haina. Kutoka Kilombero hadi Mnara wa Saa ni benki, maduka ya jumla, fremu zimebanana ukuta kwa ukuta, magari ya kushusha mizigo, mikokoteni na magari ya watalii yanayotafuta pa kuegesha. Ukitaka njia mbili za zege hapo, lazima ule upande mmoja wa barabara. Mnara wa Saa wenyewe unapata tabu siku ya kawaida, achilia mbali siku za mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, misafara inapoanza.

Pendekezo langu ni la bei nafuu, na najua wenye magari watanichukia. Zege lijengwe kusini, kuanzia Kwa Mrombo hadi Mbauda, ambako nafasi bado inapatikana. Kuanzia Kilombero hadi mjini pasibomolewe kitu. Asubuhi na jioni Sokoine iwe ya mabasi, waenda kwa miguu na magari ya dharura tu. Mchana magari mengine yarudi, mizigo ishushwe usiku. Hilo linahitaji vibao, rangi ya barabarani na trafiki wasiopokea simu za wakubwa.

Mheshimiwa, hata tukikubaliana hivyo, kuna watu watakaoguswa, na hapa nitakaa kidogo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Tangu hapo nchi nzima imejifunza kusoma rangi: X nyekundu ondoka, X ya kijani subiri fidia. Mwenye nyumba, awe na nyekundu au kijani, walau jina lake linaingia kwenye daftari. Mpangaji wa fremu hayumo. Huyo ndiye aliyetoa kilemba (pesa ya kupewa fremu), akalipa kodi ya miezi sita mbele, akaweka rafu na friji, na siku ya kubomoa anapewa taarifa na mwenye nyumba kwa simu.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua kupotea kwa faida ya biashara: faida ya mwezi, mara miezi 36. Ni kanuni nzuri. Lakini faida hiyo inathibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika, na hesabu pekee za mama lishe wa Mbauda ni daftari la madeni ya mafundi gereji. Mthamini akija na fomu yake ataandika sifuri, na kwa fomu ile atakuwa sahihi kabisa. Naomba kabla ya uthamini mkoa utoe mwongozo kwamba risiti za ushuru, kitambulisho cha mjasiriamali, mkataba wa pango hata wa karatasi ya daftari, na barua ya mwenyekiti wa mtaa vikubaliwe kama ushahidi. Na wapangaji waorodheshwe siku ile ile wanapoorodheshwa wenye nyumba. Ukisubiri, watazuka wapangaji wapya na wale wa zamani watakuwa wameshahama.

Wamachinga nao walishahamishwa mara moja nchi nzima mwaka 2021. Waliopelekwa kwenye maeneo yasiyo na wateja walirudi barabarani kidogo kidogo, tumewaona. Kama vituo vya mwendokasi ndipo wateja watakapoteremka, basi meza zao ziwe kwenye mchoro wa kituo tangu mwanzo, na choo kiwepo.

Kuhusu vifodi, nitasema wazi kwamba siwalilii matajiri wenye magari kumi. Lakini gari nyingi za mji huu ni za mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote pale, au za mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS. Mwaka 2016 huduma ilipoanza Dar, daladala ziliondolewa Morogoro Road, na mabasi yalipopungua abiria wakawa wanapandia madirishani kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Arusha vifodi vipewe mikataba ya kulisha vituo vikubwa kutoka mitaani, visifukuzwe. Na tiketi iwe moja. Mkazi wa ndani ya Terrat akilipa kifodi hadi kituoni kisha akalipa tena basi, atabaki na bodaboda yake.

Jambo la maji halina mjadala. Mito yetu, Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, yote inatoka Meru na kushuka kusini, na makorongo yanafuata njia hiyo hiyo. Aprili 2024 mafuriko yalibeba gari la wanafunzi kule Engosengiu, watoto wakapoteza maisha. Dar walijenga karakana ya mabasi Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na maji yakaingia kila mvua kubwa zilipokuja. Karakana yetu isijengwe bondeni kwa sababu tu kiwanja cha bondeni ni cha serikali na hakina fidia. Na madaraja yajengwe kabla ya zege. Tathmini ya athari kwa mazingira inadaiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na sheria hiyo inataka wananchi washirikishwe. Isije ikasomwa ukumbini mbele ya watendaji wa kata waliolipwa posho.

Reli niitaje kwa kupita. Treni ya abiria ilirudi Arusha Oktoba 2020, na njia yake tayari inatoka upande wa Usa River hadi stesheni, jirani na Unga Limited. Dar walianza treni ya mjini mwaka 2012 kwa reli ya zamani iliyokuwepo, wala hawakungoja mpya. Shirika la Reli liulizwe kama treni moja ya asubuhi na moja ya jioni inawezekana. Haitamfaa mtu wa Kwa Mrombo, lakini itapunguza hoja ya wale wanaotaka zege lote lielekee Tengeru.

Ninachoomba kwa sasa ni kidogo. Mchoro wa awali, hata wa penseli, ubandikwe kwenye ofisi za kata zote utakazopitia, kwa Kiswahili, ukiwa na majina ya mitaa tunayoyajua: Kwa Mrombo iandikwe Kwa Mrombo, isiandikwe namba ya kilomita. Kisha iitishwe mikutano ya mitaa. Isiitishwe Jumanne saa nne asubuhi kama ilivyo desturi, saa ambayo wanaopanda vifodi wako kazini na waliopo ni wenye nyumba na wastaafu. Jumapili saa tisa alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na wamekula, uwanja wa Muriet utajaa. Uje mwenyewe ukiweza, na mhandisi aje na mchoro mkubwa, penseli na kifutio.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji na abiria, Sombetini, Arusha

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri za Jiji la Arusha, Arusha na Meru, TANROADS na TARURA Mkoa, LATRA Arusha, Madiwani wa kata za Sombetini, Muriet na Terrat.